Mguu wa Nyuma wa Lemein

Ukitaka kumjua Lemein, mtazame akitoka kwenye duka langu la kinyozi. Mlango wangu unafunguka kwa ndani, na mimi kwa ujinga wangu niliweka benchi la wateja karibu nao mno, kwa hiyo kila anayetoka hana budi kurudi hatua moja nyuma, aupishe mlango, ndipo apite. Wazee wanaweza. Watoto wanaweza. Lemein yeye huusukuma mpaka bawaba zilie, kisha hushangaa kwa nini haumwitikii. Nimeshamwambia mara nyingi, "Rudi nyuma kidogo, mwanaume," naye hunitazama kana kwamba nimemwomba aniachie ng'ombe wake bure.

Mimi ni Kinyanjui. Kinyozi changu kiko Kitengela, ukuta kwa ukuta na stoo ya zamani ya saruji ambayo Mutinda aliigeuza kuwa jimu ya ndondi. Mutinda alikuwa bondia siku zake. Pua yake imelala upande, lakini mdomo wake haujawahi kulala. Siku ya mapigano mimi humshikia ndoo, taulo na vaselini, kwa sababu anasema mkono uliozoea wembe hautetemeki mbele ya uso wa mtu. Hiyo ni sifa, nami huipokea. Malipo hayajawahi kutajwa, na tuyaache hapo.

Lemein alizaliwa Kisaju, kwenye boma la watu wa mifugo. Siku hizi kazi yake ni kuteremsha ng'ombe kutoka kwenye malori na kuwaswaga hadi kichinjioni. Ng'ombe havutwi, huswagwa. Mtu hukaa nyuma yao na fimbo na mbinja, akienda mbele nao wanakwenda mbele, na akisimama nao wanasimama kula nyasi. Tangu akiwa mtoto mdogo Lemein amekuwa akitembea kuelekea kitu ambacho kinaondoka mbele yake. Hajui maisha mengine.

Ndivyo alivyoingia ulingoni. Kidevu kifuani, uzito wote kwenye mguu wa mbele, anakuja. Unampiga moja ya paji la uso, anakuja. Unampiga ya pili, yeye ameshafika kwenye mbavu zako anagonga kama mtu anayedai mlango ufunguliwe. Nguvu zake zilitoka ardhini, zikapanda kwa mapaja kila alipopiga hatua mbele, na mabondia wengi walichagua kurudi nyuma mpaka mgongo ukakutana na kamba. Watu wa Kitengela walimpa jina la Tingatinga. Mutinda alikuwa akicheka, "Huyu hapigani. Huyu anaswaga."

Naserian alikuwa mke wake. Ni mke wake, nijirekebishe, maana habari yenyewe ndiyo hiyo.

Naserian alikuwa amesomea uuguzi, na baada ya kukaa nyumbani na mtoto wao Naisula mpaka akaanza kutembea, alipata kazi kwenye zahanati moja ya Kajiado mjini. Alifurahi sana. Alimleta mtoto kwangu anyolewe, akanieleza habari hiyo huku akicheka peke yake. Lemein hakutaka. Sababu zake sitazirudia, zilikuwa sababu za mtu asiye na sababu. Wala hakumpiga mkewe, hilo naliweka wazi, hajawahi kumwinulia mkono. Alichofanya ni kile anachofanya siku zote. Naserian akifungua mdomo, yeye ameshaingia. Akianza upya, yeye ameshaingia tena. Siku moja yule dada alikaa kwenye kiti changu, mtoto mapajani, akaniambia, "Baba Naisula si mtu mbaya. Lakini nikitaka kusema kitu, ameshafika. Nikitaka hata kupumua, ameshafika. Mimi niko tu kwa ukuta."

Nilimnyoa mtoto, nikanyamaza. Mambo ya mume na mke, kinyozi hatii wembe.

Mvua ilipokaribia, Naserian alimchukua Naisula akaenda kwa baba yake, Mzee Katoo, ambaye boma lake liko ng'ambo ya Kajiado, kabla hujafika Ilbissil. Mwanamke akienda kwao hivyo, kwa Wamaasai kuna njia ya kumfuata. Mume huenda na mtu wa kumsemea. Husimama nje ya boma, hungoja wazee, husikiliza makosa yake yote mpaka yaishe, hutozwa faini, ndipo mambo huanza kulainika. Lemein anaijua njia hiyo kuliko mimi. Mimi Mkikuyu ningeweza kukosea nikasamehewa kwa kutojua.

Yeye alikwenda peke yake, tena mchana, wanaume wakiwa sokoni kwa mifugo. Akaita, "Naserian!" Kimya. Akaita tena. Kisha Tingatinga akainama, akaingia kwenye nyumba ya mama mkwe wake.

Sasa wewe usiyekuwa wa huko elewa. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Wakikutana njiani, mmoja hupisha na kuficha uso. Siku ya harusi Lemein alimpa mama huyo kondoo, na tangu siku hiyo wanaitana Paker, jina linalotokana na kondoo huyo, na jina hilo ndilo daraja kati yao. Kuingia nyumbani kwake bila kubisha, ukamkuta ameketi kando ya moto kichwa wazi, ni aibu ambayo hata kuisimulia nasikia haya. Mama alipiga kelele akajifunika uso. Naserian alikuwa kwenye zizi la ndama, alikuja mbio, akamtazama mumewe akitoka mle ndani kwa kuinama, akampita akaingia kwa mama yake.

Mzee Katoo aliporudi jioni alimkuta Lemein amesimama kwenye lango la miiba. Siku zote walikuwa wakiitana Pakiteng, kwa ajili ya ng'ombe wa harusi. Siku hiyo mzee hakumwita hivyo. Alisema, "Wewe mtu wa Kitengela. Rudi nyuma. Tukikutaka tutakuita."

Basi akarudi Kitengela kungoja, mtu ambaye hajawahi kungoja hata chai ipoe.

Nyumbani kwao kwa kupanga, karibu na kwangu, kulibaki kibuyu cha maziwa. Naserian alipewa na mama yake alipoolewa, kina mikanda ya ngozi na shanga nyekundu. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti uitwao oloirien, ambao moshi wake hushika ndani, na maziwa yakikaa humo hupata ladha ambayo Lemein amekuwa akiinywa tangu azaliwe. Ni kazi ya wanawake, mwanaume hajui hata aanzie wapi. Wiki zilivyozidi kwenda harufu ilikuwa ikififia. Nilimkuta siku moja ameketi kitandani, ameondoa kifuniko, pua ndani ya kibuyu, macho amefumba. Nilijifanya nimekuja kuazima jiko.

"Hii maziwa ya packet haina mtu ndani," aliniambia wakati tukinywa chai. "Unakunywa, inashuka, basi. Hakuna mtu."

Alimtamani Naserian wazi wazi, bila haya, jinsi mtoto anavyolia mchana mbele za watu. Alitamani hata vile alivyokuwa akigombana naye. Alisema nyumba ilikuwa na sauti zake mwenyewe tu, na zilikuwa zimemchosha.

Hapo ndipo akatokea Wasike.

Wasike alikuwa kijana wa Athi River, shingo nene, mabega ya mtu wa kubeba magunia. Tulikutana naye Kajiado mjini, kwenye mashindano ya ukumbi wa jamii. Lemein alikuwa na furaha ya ajabu siku hiyo kwa sababu Kajiado ni karibu na kwa Mzee Katoo, na alijiambia labda habari za ushindi wake zitavuka reli zifike bomani. Kengele ililia, akaenda mbele kama kawaida.

Wasike hakuondoka.

Si kwamba alikuwa fundi. Alikuwa tu mtu mwingine wa kwenda mbele, tena mzito kuliko wetu. Waligongana katikati ya ulingo, mabega kwa mabega, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaona kisigino cha Lemein kikirudi nyuma. Kikarudi tena. Na papo hapo Tingatinga akawa mtu nisiyemjua. Alirudi na mguu wa mbele kwanza, miguu ikakutana, akawa amesimama wima kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Kidevu kikapanda. Kifua kikaegemea nyuma. Alipiga ngumi, nazo zilikuwa za mikono mitupu, hazina paja, hazina ardhi, Wasike akazipokea kama salamu. Kila aliporudi alirudi moja kwa moja kwenye mstari ule ule, na Wasike alijua pa kumkuta. Kamba zikamkuta mgongoni. Pale kwenye kamba, ambapo yeye alizoea kuwaona wengine, hakujua mtu hufanya nini. Alifunika uso akangoja adhabu iishe.

"Miguu!" Mutinda alikuwa akipiga kelele. "Wee Lemein, hiyo miguu umekopa? Ya nyuma kwanza! Ya nyuma!"

Hakusikia. Mwamuzi alilisimamisha pigano raundi ya tatu kabla haijaisha, na alifanya vizuri.

Kwenye kigoda nilimshikilia barafu juu ya jicho. Alikuwa akihema, haniangalii.

"Kinyanjui," akasema, "sijawai skia hivyo. Nikitaka kufanya kitu, ameshafika. Nikitaka tu kupumua, ameshafika. Sikuwa na place ya kusimama."

Mkono wa wembe ulitetemeka siku hiyo. Maneno yale niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwenye kiti changu, mtoto akiwa amepakatwa, nywele zikianguka sakafuni. Na hasira ikanipanda, kwa sababu nilikuwa nimeyaweka kifuani miezi yote ile nikijiita mtu wa busara.

"Unajua nani aliniambia hayo maneno?" nikamwuliza. "Mke wako. Neno kwa neno. Kwa hiyo kiti yangu. Wewe ndio ulikuwa Wasike."

Mutinda alinikanyaga mguu. Mtu amepigwa, amevimba, nami namwongezea. Lemein alichukua barafu mkononi mwangu akajishikia mwenyewe mpaka tukafika Kitengela.

Kesho yake alimwendea Mutinda. "Coach, nifunze kurudi nyuma."

Si rahisi kama inavyosikika. Mtu anayebana mbele, kila kitu chake kimepangwa kwa safari ya kwenda. Mutinda alimweka mbele ya gunia zito, akalisukuma limjie likibembea, na Lemein alitakiwa kuanza na mguu wa nyuma, magoti yakiwa yamekunjwa, hatua fupi mbili tu, asizidi, kisha atoke kwa upande. Akashindwa. Gunia lilimgonga kifuani siku baada ya siku. Kila lilipomjia alilisubiri kwa hasira, akalisukuma. "Nikirudi nyuma sioni kitu," alilalamika. "Ni kama hii mikono si yangu. Ni ya mtu mwingine, ameniachia nimshikie."

Mutinda alikata tamaa. Kisha siku moja alimfuata kazini, tukaenda pamoja, na tukasimama nje ya ua wa vyuma wakati lori likishusha mafahali. Mmoja mweusi, mwenye pembe za kukunjika, aligeuka kwenye njia nyembamba akamjia Lemein. Wenzake wakaruka juu ya vyuma. Lemein alirudisha mguu wa nyuma, akakunja magoti, akarudi tena kidogo, akateleza upande wa kushoto, na fahali alipopita akampiga kofi la shingo, pah! Akaendelea na kazi yake huku akimtukana kwa Kimaa.

"Hiyo!" Mutinda alipanda juu ya ua kama mtoto. "Hiyo hapo! Hiyo ndio nataka!"

"Gani?" Lemein akauliza.

"Hiyo umefanya saa hii!"

"Sijafanya kitu. Nimepisha ng'ombe."

"Mpishe na Wasike!"

"Wasike si ng'ombe, coach. Ng'ombe hana mkono wa left."

Lakini kitu kilikuwa kimeingia. Jioni zilizofuata nilisikia kupitia ukuta wangu gunia likibembea na viatu vikikwaruza sakafu, na mara chache, mara chache sana, mapigo mawili mazito yakifuata ule mkwaruzo. Mwenda pole hajikwai, ila Lemein hata pole alikuwa akijikwaa.

Na alingoja. Koinet, kaka yake Naserian, hupita Kitengela na pikipiki yake akileta ngozi na kurudi na bidhaa za dukani. Kila alipopita alikuja kwangu kunyolewa, na kila mara Lemein alitokea kabla sijamfunga kitambaa shingoni.

"Sopa, Koinet."

"Ipa."

"Watu wako salama?"

"Wako salama. Mtoto ameanza kuimba. Anaimba zile za church, mchana mzima."

"Mzee amesema nini?"

"Mzee amesema ungoje."

Nilimwona akiyameza maneno yaliyomjia. Zamani angerukia pikipiki ile ile aende nayo. Sasa alibaki kwenye benchi, miguu ikichezacheza, akimwuliza Koinet ni wimbo gani. Koinet hakukumbuka. Lemein alikasirishwa na jambo hilo kuliko kungoja kwenyewe: mtu anawezaje kusikia mtoto akiimba mchana mzima asikumbuke wimbo?

Marudiano na Wasike yalifanyika kwetu Kitengela, kwenye uwanja wa wazi, na Koinet alikuja kutazama. Raundi ya kwanza ilikuwa ile ile ya Kajiado, nami nikaandaa barafu mapema. Raundi ya pili Lemein alijaribu, akakosea mguu, akala ngumi iliyomkalisha chini, akainuka. Ya tatu Wasike alimjia kummaliza. Ndipo nikaona mguu wa nyuma ukitangulia. Goti limekunjwa. Hatua fupi. Nyingine. Kidevu bado kimelala kifuani. Halafu Lemein hakuwepo tena mahali pale, alikuwa kando, na Wasike akapita na uzito wake wote, akakutana na mkono wa kushoto kwenye mbavu akielekea kwenye kamba mwenyewe. Watu walicheka kwa mshangao. Akafanya tena. Na tena. Alikuwa akirudi nyuma huku akipiga, na ngumi zilikuwa na ardhi ndani yake.

Alishindwa kwa pointi. Raundi moja haitoshi kufuta mbili. Mutinda alimkumbatia kama bingwa, na Koinet alikuwa amesimama juu ya kiti cha pikipiki yake anapiga mbinja ya kuita ng'ombe.

Haukupita muda Koinet akarudi, na safari hiyo hakuketi anyolewe. "Mzee anasema uje," alisema. "Nilimwambia nilikuona ukirudi nyuma. Hakuamini. Akasema, wacha aje nione."

Tulikwenda watatu: Lemein, baba yake mdogo wa Kisaju ambaye ndiye msemaji, na mimi niliyeshika blanketi la faini, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Kondoo wa faini alikuwa ametangulia. Lemein alikuwa amekibeba kile kibuyu, amekizungushia koti. Sikumwuliza cha nini.

Mzee Katoo alituacha tumeketi nje ya lango. Jua likapanda. Ndani tulimsikia akiongea na watu, akicheka, akikohoa, anajua vizuri tuko wapi. Mguu wa Lemein ulikuwa ukirukaruka juu ya mawe. Alikuwa akitazama lango la miiba lililokuwa wazi, na ng'ambo yake, kwa mbali, nguo ya Naserian ya kijani ilikatiza uani ikapotea. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Nikaweka mkono juu ya goti lake. Niliogopa kweli. Ningempoteza pale, na yeye angempoteza mkewe pale pale.

"Nyuma," nikamnong'oneza. "Mguu wa nyuma."

Ndipo mama mkwe akatokea kwenye njia, anatoka kuchota maji, na njia ile ilipita mbele yetu kabisa. Lemein aliinuka. Aligeuza uso, akajifunika kwa shuka, akaanza kurudi kinyumenyume, mguu wa nyuma ukitangulia, hatua fupi fupi, mpaka mgongo wake ukaingia kwenye ua wa miiba. Hakusimama kabla ya hapo. Mama hakuharakisha. Alipita polepole na mtungi wake, na ninaapa alipunguza mwendo. Miiba ilikuwa imemshika Lemein shati na ngozi, naye ametulia tuli mpaka mama akaingia ndani.

Mzee Katoo alikuwa amesimama kwenye lango. Sijui alisimama kwa muda gani.

"Koinet ananiambia siku hizi unarudi nyuma," alisema.

"Najaribu."

"Na unapigwa?"

"Napigwa sana."

Mzee alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Ingia, Pakiteng," na Lemein, aliyestahimili makonde ya Wasike bila chozi, aligeukia ua akajifanya anachomoa miiba.

Wazee walisema yao yote. Kondoo na blanketi vikapelekwa kwa mama, jina la Paker likarudi mahali pake. Baadaye sana Naserian alikuja, Naisula akimshika nguo, akaketi mbele ya mumewe. Alikuwa amenawiri. Lemein alimtazama kama mtu anayetazama moto baada ya mvua.

"Nilianza ile kazi ya Kajiado," Naserian alisema. "Nalala huko, na mwisho wa wiki nakuja kwa mtoto. Sitaacha."

Lemein alifungua mdomo. Akaufunga.

"Sirudi Kitengela kukaa kwa nyumba ningoje wewe utoke kazi. Nilitaka tu siku moja uniulize, Naserian, wewe unataka nini? Hukuniuliza." Sauti yake ilipanda, akaishusha. Akamvuta Naisula karibu.

"Umemaliza?" Lemein akauliza polepole.

"Bado."

"Sawa."

Akaendelea. Alisema mambo ya miaka yote ile, mengine madogo, mengine yalinifanya nitazame ardhi. Lemein hakukwepa hata moja. Mwishowe Naserian alisema, "Sijasema sikutaki. Nimesema usinisukume. Nikiwa tayari nitasema. Sasa nimemaliza."

"Naserian," Lemein akasema, "unataka nini?"

"Nataka wakati."

Nilijua alichotaka kusema. Nilikiona kikimpanda kooni. Wakati gani, mpaka lini, kwa nini si leo. Badala yake alifungua koti, akatoa kibuyu, akakiweka chini kati yao. "Harufu imeisha," akasema.

Naserian alikichukua, akakinusa, akamtazama. Akaingia nacho ndani. Baadaye tukasikia harufu ya oloirien ikija na upepo, na Naisula akaanza kuimba huko huko ndani, na Lemein akainua kidole tunyamaze sote, hata Mzee Katoo. Tulipokuwa tukiondoka Naserian alimletea kibuyu kimejaa maziwa. Alikiweka mikononi mwake, akaacha mkono wake juu ya kifuniko kwa muda kidogo.

"Ikiisha," alisema, "ulete kibuyu."

Tulifika Kitengela jua likiinama. Lemein aliingia kwenye kinyozi changu, akaketi kwenye benchi na kibuyu kifuani.

"Kinyanjui. Nikikunywa yote leo, si kesho naweza rudisha kibuyu?"

"Unaweza."

"Naweza maliza yote saa hii. Mimi nakunywa maziwa sana."

"Najua."

Nilimpa kikombe. Alimimina, akajaza nusu, akasimama hapo hapo. Nilimwona akipima uzito wa kile kibuyu, safari ya Kajiado, uso wa Naserian. Kisha alifunga kifuniko. Akanywa ile nusu kwa mdomo wenye vidonda vya ngumi, taratibu, na machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Alipoinuka kuondoka alishika mlango na kuanza kuusukuma, kwa mazoea. Akasimama. Alikumbatia kibuyu kisigongwe, akarudisha mguu wa nyuma, mlango ukafunguka ukampita. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya barabara, watu wakimpita. Aliondoa kifuniko, akainamisha uso, akanusa. Hakunywa. Akakifunga, akaenda nyumbani.